Vijayanagara: dola la miaka 200 na ushee liliangukaje ndani ya siku moja? (Talikota, 1565)

#1 Kahawa Chungu
Wakuu heshima kwenu. Jana kijiweni tumebishana mpaka muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe vyake kabla ya muda. Ishu ni vita vya zama za kati, vya Talikota, Januari 1565, kusini mwa India. Kwa wasiojua, Vijayanagara lilikuwa dola kubwa la Kihindu, limeanza 1336, na mji wake mkuu Mreno mmoja aliyefika huko kama 1520 aliandika ni mkubwa kama Roma. Sasa masultani watano wa Deccan (ule uwanda wa juu wa India ya kati na kusini) wakaungana wakalipiga mara moja, asubuhi jeshi la Vijayanagara linaelekea kushinda, jioni kichwa cha mfalme wao kiko juu ya mkuki. Mwenzangu anasema ni usaliti, wala hakuna cha kujadili. Mimi nasema ni mizinga. Tumewekeana dau kreti ya soda. Wajuzi wa historia shukeni hapa mnisaidie maana jamaa anakunywa sana.

#2 Mgeni Njoo
Nimeweka kambi, ngoja waje.

#3 Ustadh Kisauni
Assalaam aleykum wote. Mbona jibu laonekana wazi ndugu yangu, upande mmoja Wahindu, upande wa pili Waislamu, walichoka kuonewa wakaungana. Vita vya dini hivyo, usaliti na mizinga ni mambo madogo madogo tu.

#4 Mzee wa Ramani
Mleta mada umeleta kitu kizuri ila nikurekebishe sehemu mbili kabla watu hawajabeba.

Moja, masultani walikuwa wanne siyo watano. Bijapur, Ahmadnagar, Golconda na Bidar. Wa tano ni Berar, huyo hakuja. Mbili, aliyekatwa kichwa hakuwa mfalme. Mfalme kwa jina alikuwa Sadashiva Raya, amewekwa ndani kama pambo. Mwenye nchi alikuwa Rama Raya, ndo maana wenyewe walimwita "Aliya", yaani mkwe, kwa sababu alimuoa binti wa Krishnadevaraya, yule mfalme wao mkubwa aliyetawala 1509 mpaka 1529.

Sasa Ustadh hapo #3, hiyo ya dini ndo iko kwenye vitabu vingi vya zamani lakini ukiichokonoa inavuja. Wafalme wa Vijayanagara wenyewe walijiita "sultani kati ya wafalme wa Kihindu", neno sultani walilipenda, halikuwachoma. Mmoja wao, Deva Raya wa pili, miaka zaidi ya 100 kabla ya Talikota, aliajiri wapanda farasi Waislamu na inasimuliwa aliweka msahafu mbele ya kiti chake ili wakiinama kumpa heshima wasijione wameinamia mtu. Na kwenye jeshi la Bijapur walikuwepo Wamaratha, Wahindu kabisa. Sasa hapo dini ya nani inapigana na ya nani?

#5 Dereva Fuso
Kwa hiyo mkwe kaingia kwa mguu wa harusi akamalizia kwenye kiti cha baba mkwe 😂 aisee mkichagua wakwe muwe mnaangalia

#6 Binti Pangani
Mzee wa Ramani upo sawa ila umeacha utamu wenyewe. Utamu uko kwenye tabia za huyu Rama Raya.

Kuna ule usemi wetu wa vita vya panzi. Rama Raya aliishi kwa kuwa kunguru. Miaka ya 1540 na 1550 hao masultani walikuwa wanapigana wao kwa wao kila baada ya muda, yeye leo yuko na Bijapur kumpiga Ahmadnagar, kesho yuko na Ahmadnagar kumpiga Bijapur, na kila akitoka anaondoka na ngome. Halafu anawajua vizuri, tena ni watu waliokaa nyumbani kwake. Ibrahim Qutb Shah wa Golconda alipokosana na kaka yake alikimbilia kwa Rama Raya akaishi pale miaka 7, amekula chakula chao, amerudi kwao 1550 ndo akawa sultani. Ali Adil Shah wa Bijapur, kijana mdogo, Rama Raya alipofiwa na mwanawe alienda mwenyewe kumpa pole, na mke wa Rama Raya akamwita mwanangu.

Ona sasa. Aliyekaa miaka 7 na aliyeitwa mwanangu, wote wawili 1565 wako upande wa pili wa mto.

Sababu? Dharau. Ahmadnagar ilipopigwa na kuzingirwa, sultani wao Hussain Nizam Shah ikabidi aende kuomba amani, na sharti moja lilikuwa apokee tambuu kutoka mkononi mwa Rama Raya. Nyie mnaojua tambuu mnajua inavyotolewa na inavyopokelewa, ile ni heshima ya mkubwa kwa mdogo. Hussain akapokea, halafu hapohapo akaagiza maji anawe mikono. Rama Raya naye akaona, akaagiza maji akanawa. Yaani watu wawili wananawiana machoni. Mnategemea nini baada ya hapo?

#7 Dereva Fuso
Dah hiyo ya kunawa imenimaliza. Vita vya shombo.

#8 Mtani wa Muscat
Nachungulia kutoka huku Ghuba. Watu wanasahau farasi. India kusini farasi hawazaliani vizuri, joto na malisho vinawashinda, kwa hiyo Vijayanagara na masultani wote walikuwa wananunua farasi kutoka Hormuz na Uarabuni, wanavushwa bahari. Wareno walipoichukua Goa 1510 wakawa wamekaa kwenye koo la biashara hiyo, anayetaka farasi anaongea na Goa. Kuna Mreno mmoja muuza farasi, Fernão Nunes, aliishi Vijayanagara miaka ya 1530 akaandika kwamba mfalme mmoja wa zamani, Saluva Narasimha, alivyokuwa na uchu wa farasi alilipa hata waliokufa. Akifia baharini unaleta mkia, unalipwa kama mzima.

#9 Dereva Fuso
MKIA UNALIPWA?? Hapo mimi ningefungua kiwanda cha mikia, farasi wenyewe sina haja nao

#10 Fundi Saa
Mnazunguka sana. Mwenzake mleta mada yuko sahihi, ni usaliti. Kuna mfanyabiashara wa Venice, Cesare Federici, alifika mji wa Vijayanagara 1567, miaka miwili tu baada ya vita, damu bado mbichi, akakaa pale miezi kadhaa. Ameandika wazi kwamba kwenye jeshi la Rama Raya walikuwepo makapteni wawili Waislamu, kila mmoja na askari elfu 70 au 80, na katikati ya mapigano wakageuka wakampiga kwa nyuma. Kikulacho ki nguoni mwako. Unaajiri watu, unawaamini, unawapa jeshi, wanakugeuka siku ya siku. Mjadala umefungwa.

#11 Kahawa Chungu
Kreti inaondoka hivyo 😭

#12 Mzee wa Ramani
Haiondoki. Fundi Saa kwanza heshima kwa kumtaja Federici, wengi hawamjui. Lakini Federici hakuwepo vitani, amesimuliwa na watu wa mji uliopigwa. Mtu aliyeshindwa ukimuuliza umeshindwaje, mara ngapi amekujibu "nilizidiwa"? Jibu ni refa au ni msaliti.

Na hizo hesabu. Elfu 70 mara mbili ni askari 140,000 wamegeuka, hilo peke yake ni jeshi zima. Kwa idadi hiyo vita visingefika hata saa sita.

Firishta, mwandishi wa dola za Deccan aliyeandika akiwa Bijapur kama miaka 40 baadaye, anaitaja silaha nyingine kabisa. Anasema mkuu wa mizinga wa Ahmadnagar, Chalabi Rumi Khan, alipanga mizinga 600 mistari mitatu, mikubwa mbele, ya kati katikati, midogo nyuma. Mbele yake akaweka wapiga mishale 2,000 kuificha. Jeshi la Vijayanagara likaja kasi, wapiga mishale wakarudi nyuma kama wamekimbia, pazia likafunguka. Na walipokaribia kabisa mizinga ikashindiliwa mifuko ya sarafu za shaba badala ya mipira. Anasema maiti zaidi ya 5,000 zililala mbele ya midomo ya mizinga. Baada ya hapo Rama Raya yupo kwenye machela, ni mzee sana, wengine wanampa miaka 80 na wengine wanamfikisha mpaka 96, tembo wa Ahmadnagar akawajia wabebaji, wakabwaga machela wakakimbia. Mzee yuko chini, kabla hajapandishwa farasi akashikwa. Hussain akaamuru akatwe kichwa palepale. Ni yuleyule wa tambuu.

Askari walipoona kichwa kwenye mkuki wakatawanyika. Hicho ndo kilichomaliza vita.

#13 Kahawa Chungu
Kwa hiyo MIZINGA. Nimescreenshot.

#14 Fundi Saa
Mzee na wewe unamwamini mwandishi wa upande ulioshinda, aliyelala na kuamka Bijapur. Angeandika "tulishinda kwa kuhonga makapteni"? Acha hizo bana. Halafu Firishta huyo ndo yuleyule anayekupa tembo, machela na mifuko ya hela kama simulizi za bibi.

#15 Mzee wa Ramani
Hapo umenigonga kidogo, nakubali. Chanzo cha upande mmoja kinadai mizinga, cha upande mwingine kinadai usaliti, na kila mmoja ana sababu ya kudai hivyo. Ila sarafu za shaba si ajabu sana, ukikosa risasi ndogo za kutawanyika unashindilia chochote cha chuma ulicho nacho. Mafundi mizinga wa enzi zile walifanya sana.

#16 Mtu wa Moshi Mnene
Kuna ule mzinga unaitwa Malik-i-Maidan ulitengenezwa Ahmadnagar 1549, una tani 55 hivi, mdomo wake umechongwa kichwa cha simba anatafuna tembo, saizi uko juu ya ngome ya Bijapur. Watu husema ulikuwepo Talikota ndo uliotema sarafu. Mi nina gereji, nakuambia kuvuta tani 55 kuvuka mto kwa ng'ombe na tembo inawezekana, ila siyo kitu unachofanya kwa kunyatia usiku. Na nilisoma kwamba walivuka kwa kunyatia, ni kweli?

#17 Binti Pangani
#16 ni kweli, hiyo ndo sehemu naipenda. Mto Krishna ulikuwa katikati, na kivuko kizuri watu wa Vijayanagara walishakiziba wakajenga na maboma. Masultani wakajifanya wanapandisha kando ya mto kutafuta kivuko kingine, siku kadhaa wanatembea, jeshi la upande wa pili nalo linawafuata sambamba ili lisiachwe. Ghafla usiku wakageuza wakarudi mbio kwenye kile kivuko cha mwanzo wakakuta pametelekezwa, wakavuka.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kabla ya mzinga kulia mtu ameshapigwa chenga.

#18 Mwarimu wa Nakuru
Niaje wadau. Swali la pembeni, kwani 1565 bado mnaita zama za kati? Hiyo miaka huku kwetu Wareno walikuwa tayari wanasumbua Mombasa, Fort Jesus imekuja 1593. Na hao Wareno wa Mombasa walikuwa wanaripoti Goa, so ni dunia moja na hii mnaongelea.

#19 Mzee wa Ramani
Mwalimu upo sahihi, kwa kalenda ya Ulaya zama za kati zilishaisha. Vitabu vya India ndo huvuta "zama za kati" mpaka karibu 1700. Na jina Talikota nalo ni la kubandika. Talikota ni mji wa kaskazini ya mto ambako masultani walipiga kambi Desemba 1564. Mapigano yenyewe 23 Januari yalikuwa ng'ambo ya kusini, na wenyeji huyataja kwa vijiji viwili, Rakkasagi na Tangadagi.

#20 Chumvi Kidogo
Nimechelewa kuona huu uzi jamani. Mimi nimesoma Bangalore miaka minne, na Hampi (ndo magofu ya huo mji) nimeenda mara mbili. Unapanda treni usiku Bangalore, asubuhi uko Hosapete, unachukua bajaji. Bajaji wa kwanza alinitoza mara tatu ya bei baada ya kuniuliza natoka nchi gani, mara ya pili nikasema natoka Bangalore.

Nawaambia hivi, picha hazitoshi. Ni mawe makubwa ya duara yamerundikana kila upande kama yamemwagwa na lori, Mwanza inasubiri, na katikati ya mawe kuna mahekalu, masoko marefu ya nguzo, mabwawa ya kuogea. Kuvuka mto Tungabhadra kuna vile vyombo vya mviringo kama ungo mkubwa, unazungushwa mpaka kichwa kinauma. Banda la tembo lina makuba kabisa ya msikiti, na lile jumba la malkia matao yake ukiyaona unadhani uko kwenye msikiti. Kwa hiyo #4 anachosema kuhusu dini nilikiona kwa macho. Lile gari la mawe la hekalu la Vitthala liko mpaka kwenye noti yao ya rupia 50.

Kilichonishangaza ni kimoja. Uwanja wa vita uko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Mji una kuta mzunguko juu ya mzunguko, milima ya mawe, mto kaskazini. HAWAKUUTETEA. Ndugu yake Rama Raya, Tirumala, alirudi mbio, akapakia hazina kwenye tembo (wanasema tembo 550), akamchukua yule mfalme pambo Sadashiva, wakaondoka kwenda Penukonda. Wananchi wakaachwa wanashangaa. Wa kwanza kupora hata hawakuwa askari wa masultani, walikuwa watu wa porini jirani, jeshi lenyewe lilifika siku ya tatu. Halafu uporaji na uchomaji ukaendelea miezi mitano.

Kwa hiyo mimi jibu langu siyo usaliti wala mizinga. Vita ilishindwa uwanjani sawa, ila dola liliangushwa na Tirumala alipofunga virago.

#21 Dereva Fuso
Tembo 550 wa hela halafu anasema anahamia mkoani. Huyu tunamjua.

#22 Ustadh Kisauni
Chumvi shukrani, nimefaidika. Mimi narudi nyuma hatua moja kwa ile ya #3 lakini sirudi zote. Kama haikuwa dini kabisa, hekalu la Vitthala lilichomwa kwa nini? Na walivyoandika wenyewe baadaye waliita jihadi.

#23 Chumvi Kidogo
Ustadh swali zuri. Vitthala limeharibiwa kweli, alama za moto zipo. Lakini hekalu la Virupaksha ambalo ndo kubwa kwa ibada limesimama mpaka leo na watu wanasali kila siku, nimeingia mwenyewe, kuna na tembo mlangoni ukimpa sarafu anakugusa kichwa kwa mkonga. Kama nia ni kufuta dini unaachaje lile? Mlinzi mmoja aliniambia sababu yake, jirani yake hapohapo akanipa sababu nyingine.

#24 Binti Pangani
Ibrahim Qutb Shah aliyekaa miaka 7 kwa Rama Raya alilea washairi wa Kitelugu kwenye baraza lake Golconda, walimwita mpaka kwa jina la Kitelugu. Ndo huyo "mpigana jihadi". Waandishi wa ikulu wanaandika kile ikulu inataka kusikia.

Na mimi napinga hata kichwa cha uzi. Haikuanguka ndani ya siku moja. Tirumala alijitawaza, ukoo wake wa Aravidu ukaendelea Penukonda, baadaye Chandragiri, mpaka 1646 hivi ndo wakaisha kabisa. Ule mji wa Chennai, kiwanja chake Waingereza walipewa 1639 na mkuu wa eneo aliyekuwa chini ya hawahawa. Miaka 74 baada ya "kuanguka" bado wanagawa viwanja!

#25 Kahawa Chungu
Sasa kama haikuanguka dau letu linakuwaje

#26 Mtani wa Muscat
Kilichokufa ni kule kununua. Soko la farasi wa Goa liliporomoka baada ya mji kuchomwa, mnunuzi mkubwa hayupo. Na masultani nao hawakufaidi, Hussain wa Ahmadnagar alikufa mwaka uleule 1565, wengine wakarudi kugombana, mpaka Wamughal, watawala wa India ya kaskazini, wakaja kuwazoa mmojammoja, Bijapur 1686, Golconda 1687.

#27 Mwarimu wa Nakuru
Ati hiyo ndoa mliitaja? Niliskia walioana ndio waungane.

#28 Binti Pangani
Eeh nilisahau! Hussain alimpa Ali Adil Shah binti yake Chand Bibi, pamoja na ngome ya Sholapur waliyokuwa wanaigombania miaka yote, na dada yake Ali akaolewa na mtoto wa Hussain. Harusi mbili, muungano ukakazwa. Chand Bibi huyu ndo baadaye aliongoza Ahmadnagar dhidi ya Wamughal 1595, mwanamke mwenyewe juu ya ukuta. Na walikuwepo pia Wahabeshi kwenye siasa zile.

#29 Mtu wa Moshi Mnene
Wahabeshi wetu hawa wa Afrika?

#30 Chumvi Kidogo
Wa Afrika ndiyo. Malik Ambar alitolewa Ethiopia akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akafika Ahmadnagar kwa waziri mkuu Chingiz Khan ambaye naye alikuwa Mhabeshi. Mwisho Malik Ambar akawa ndo mwendesha nchi mpaka alipofariki 1626, Wamughal aliwatoa jasho. Alifika baada ya Talikota lakini Wahabeshi wenzake walikuwa wanajeshi wa Deccan zamani sana.

Na wapo Wasiddi, wenye asili ya Afrika, mpaka leo Karnataka, wilaya ya Uttara Kannada msituni. Niliwatembelea na wenzangu wawili. Kijana mmoja tumefanana naye kama pacha, mimi namsalimia Kiswahili yeye ananijibu Kikonkani, tukaishia kucheka. Wana ngoma wanaiita damam. Mzee mmoja alinishika mkono hakuuachia kama dakika kumi.

#31 Dereva Fuso
Hapa sina utani.

#32 Fundi Saa
Turudi kwenye mada. Bado ni usaliti.

#33 Kahawa Chungu
Mrejesho: nimempelekea jamaa simu kijiweni asome uzi wote. Amesoma mpaka #10, akarudisha simu, akaagiza soda mbili kwa jina langu.

#34 Mzee wa Ramani
Si umwambie asome #12?

#35 Kahawa Chungu
Nimemwambia. Anasema mjadala ulishafungwa.